Kuzitoa disketi za Macintosh kabla kuvu haijazimaliza

Ami yangu alikuwa na kiduka cha chapa Kibokoni, Mombasa. Alichapa kadi za harusi, ratiba za maulidi, risiti za maduka na vijitabu vya mashairi vya watu wa mtaani. Alipofariki aliacha kompyuta mbili za Apple, Macintosh Plus na Macintosh Classic, pamoja na mkebe wa biskuti wenye disketi 63. Mkebe ulikaa juu ya kabati la shangazi, mkewe, miaka mingi, hadi mwaka jana aliponiita. "Mwanangu," akaniambia, "humu mna kadi ya harusi ya dada yako, na mna mashairi ya ami yako mwenyewe. Mimi sijui yanatolewaje. Wewe ndiye wa kompyuta."

Hamsini na nane nimezitoa salama. Moja ilipotea kwa haraka yangu, na nne bado zinanishinda. Ninaandika hapa niliyoyafanya kwa mkono wangu, nikimwandikia mtu wa Mombasa, Lamu, Tanga au Unguja mwenye mkebe kama ule. Hewa yetu ni moja: joto, unyevu na chumvi. Disketi iliyokaa miaka thelathini karibu na bahari haina muda wa kungoja.

Nakili diski nzima, usinakili faili

Ukishazipata disketi, moyo hukutuma uzifungue na kuburuta faili moja moja hadi kwenye kompyuta ya leo. Usifanye hivyo. Faili ya Macintosh ya zamani ina matawi mawili. Tawi la data hubeba maandishi au picha. Tawi la rasilimali hubeba aikoni, menyu, madirisha na fonti, na kwa programu za enzi hizo hubeba msimbo wenyewe. Programu nyingi za miaka ya 1980 zina tawi la data tupu kabisa. Ukiihamisha moja hadi kwenye fleshi ya Windows utaona jina lake limefika vizuri, na ukubwa wake ni baiti sufuri.

Tena kila faili hubeba alama mbili za herufi nne nne, moja ya aina na nyingine ya programu iliyoiunda. Hati ya MacWrite ni WORD na MACA, picha ya MacPaint ni PNTG na MPNT. Mashine hizi hazikuangalia mwisho wa jina kama tulivyozoea leo. Alama hizo zikidondoka njiani, faili hubaki bila mwenyewe, na ukiibonyeza mara mbili haifunguki.

Imeji ya diski hukuepusha na hayo yote. Ni nakala ya kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha data cha disketi, toka ya kwanza hadi ya mwisho, imewekwa ndani ya faili moja. Matawi yote mawili, alama, tarehe, mpangilio wa aikoni dirishani, hata faili zilizofutwa lakini hazijaandikwa juu, vyote vimo. Ukishakuwa na imeji nzuri, disketi yenyewe unaweza kuirudisha mkebeni usiiguse tena, na kazi nyingine zote ukazifanyia nakala.

Shika disketi mkononi kwanza

Kabla hujaitia disketi mahali popote, ipige picha lebo yake, uipe namba, na uitazame matundu. Tundu moja tu la pembeni, lenye kitasa kinachoteleza, maana yake ni disketi ya kilobaiti 400 au 800. Matundu mawili, moja kila upande, ni disketi ya megabaiti 1.44. Kitasa ukisogeze hadi tundu lake liwe wazi na mwanga upite. Hapo disketi imefungwa, haiandikiki. Fanya hivyo kwa disketi zote, siku ya kwanza.

Tofauti ya matundu ndiyo itakayoamua unahitaji chombo gani. Disketi za 1.44 za Macintosh zimeandikwa kwa mtindo ule ule wa sumaku wa kompyuta nyingine, hivyo draivu ya kawaida ya USB huzisoma. Zile za 400 na 800 ni jambo jingine. Draivu ya Macintosh ilibadilisha kasi ya kuzunguka kadiri kichwa kinachosoma kinavyosogea. Njia 80 za kila upande, yaani duara ambazo kichwa huzifuata, zimegawanywa makundi matano ya njia 16: kundi la nje kabisa lina sekta 12 kwa kila njia, linalofuata 11, kisha 10, 9 na 8. Jumla ni sekta 800 kila upande. Ukikaa karibu na Macintosh Plus inaposoma, utasikia mlio wa draivu ukipanda na kushuka, na hayo ndiyo makundi yanayobadilishana. Draivu ya USB huenda mwendo mmoja, na saketi yake haielewi mwandiko huo. Haiwezi, hata ukiipembeleza vipi.

Disketi niliyoipoteza niliipeleka mwenyewe kwa fundi mmoja mjini, kabla sijayajua haya. Aliitia kwenye draivu ya USB. Kompyuta ikamwambia diski hii haijafomatiwa, je, ataka kuifomati? Akabonyeza ndiyo. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikisikia draivu inavyokwaruza, na sikujua kuwa ninachokisikia ni kufutwa. Lebo yake ina mwandiko wa ami kwa kalamu ya buluu: Tenzi, 2. Kitasa kilikuwa hakijasogezwa.

Kuvu

Fungua kile kifuniko cha chuma kinachoteleza, ushike disketi kwenye mwanga wa dirisha, kisha uzungushe kitovu cha katikati polepole kwa kidole. Uso wa disketi nzuri ni mweusi au wa hudhurungi, laini, unang'aa sawasawa. Kuvu huonekana kama vidoa vyeupe au vijivu, mara nyingine kama utandu mwembamba uliosambaa kutoka ukingoni. Tazama pande zote mbili.

Usiitie disketi yenye kuvu kwenye draivu. Kuvu hunata kwenye kichwa, kichwa huikwaruza disketi hiyo, kisha huikwaruza na inayofuata. Nilikutana na hilo kwenye disketi ya tisa: ilisomeka nusu, nikaitoa, nikatia ya kumi iliyokuwa safi kabisa, ikatoka na duara la mkwaruzo. Tangu siku hiyo nasafisha kichwa cha draivu baada ya kila disketi tano, na mara moja ikiwa moja imeleta makosa.

Dawa yake ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ile inayouzwa na wauza vifaa vya elektroniki. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 ina maji mengi, iache. Namba 17 ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, basi nieleze hiyo. Nilifungua kifuniko, nikakizuia kwa kipande cha kadi. Nikalowesha kijiti cha pamba, nikakikamua mpaka hakidondoki, nikakilaza juu ya uso wa disketi bila kukandamiza. Kisha nikazungusha kitovu kwa mkono wa pili, kijiti kikiwa palepale. Mzunguko mmoja, kijiti kikatoka na rangi ya majivu. Nikachukua kipya. Vijiti saba upande wa juu, tisa upande wa chini, hadi kikatoka cheupe. Nikaiacha wazi juu ya kitambaa cha pamba nusu saa ili alkoholi yote iliyobaki ikauke. Ilisoma sekta 1,600 kati ya 1,600.

Ikiwa kifuniko kimeshika kutu, na kwetu hushika, kiondoe kabisa kwa kukipanua taratibu kwa ukucha. Kifuniko chenye kutu kikikwama ndani ya draivu kinaweza kung'oa kichwa. Disketi husomeka vizuri bila kifuniko, ilimradi usiiguse uso.

Njia ya kwanza: Greaseweazle na draivu ya kawaida

Nikiulizwa leo nianzie wapi, nitasema hapa. Greaseweazle ni kibao kidogo cha USB kilichobuniwa na Keir Fraser. Hukiunganisha kwa ule mkanda wa waya 34 kwenye draivu ya inchi 3.5 iliyotolewa ndani ya kompyuta yoyote ya zamani ya mezani, na kompyuta hizo Mombasa bado zimejaa kwa mafundi na kwa wauza vyuma. Draivu hiyo nayo ni ya mwendo mmoja, lakini kibao hiki hakiulizi saketi yake imeelewa nini. Chenyewe hurekodi kila badiliko la sumaku linalopita chini ya kichwa na wakati wake, kisha programu kwenye laptopu ndiyo inayoutafsiri mwandiko wa Macintosh.

Kwa disketi ya 800, Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ikiwa wazi:

gw read --format=mac.800 D07.img

Kwa ya 400 andika mac.400, na kwa ya 1.44 andika ibm.1440. Mwisho wa jina uwe .img, kwa sababu programu hii huangalia mwisho wa jina kuamua muundo wa faili. Ikimaliza hukuonyesha ramani ya sekta zote, nukta kwa kila iliyosomeka na X kwa iliyoshindikana, na chini yake hesabu. Unataka kuona 1600 kati ya 1600. Zikipungua, safisha disketi na kichwa, kisha urudie ukiongeza --retries=10.

Disketi yoyote iliyonipa hata X moja, naichukulia pia rekodi ghafi:

gw read --revs=5 D07.scp

Hii huhifadhi mabadiliko yenyewe ya sumaku, mizunguko mitano ya kila njia, bila kuyatafsiri. Faili yake ni kubwa sana kuliko imeji, lakini ni thamani yake. Siku nyingine unaweza kuitafsiri upya kwa gw convert bila kuitesa disketi tena, na disketi iliyochoka kila ukiisoma huipunguzia uhai.

Njia ya pili: Macintosh yenyewe na Disk Copy

Ukiwa na mashine nzima, draivu iliyoziandika disketi ndiyo inayozijua zaidi. Lakini usiiwashe tu. Soma kwanza kibandiko cha nyuma uone ni ya volti ngapi. Kwenye Classic, fungua utoe betri ya ubaoni, kwa sababu zile za lithiamu za volti 3.6 huvuja na kuula ubao. Kwenye Plus betri iko kwenye kijumba chake nyuma, huhitaji kufungua mashine. Draivu nayo ina grisi iliyoganda kama nta. Disketi ikikataa kutoka, nyoosha kibanio cha karatasi ukisukume kwenye kijitundu cha mbele polepole, na ukiona pazito, simama. Kuvuta kwa nguvu kunang'oa kichwa cha juu.

Classic ya ami diski yake kuu ilikuwa imekufa. Mashine hii, iliyotoka mwaka 1990, ina zawadi moja: ukiwasha huku umeshikilia Command, Option, X na O kwa pamoja, inawaka kutoka kwenye ROM yake yenyewe, memori ya kudumu ya ubaoni, ambamo mna mfumo endeshi wa System 6.0.3. Hapo unajua kuwa ubao, skrini na kibodi ni vizima kabla hujatumia hata senti. Draivu yake husoma aina zote tatu za disketi, jambo ambalo Plus haiwezi, maana ya Plus inaishia 800.

Programu ninayoitumia kunakili ni Disk Copy 4.2. Kuna mpya zaidi, Disk Copy 6, na kuna ShrinkWrap, na zote ni nzuri ukiwa umekaa ndani ya Macintosh. Lakini Disk Copy 6 huandika muundo ambao ramani yake ya vipande imo kwenye tawi la rasilimali. Ukiihamisha imeji hiyo vibaya, tawi likakatika, umebaki na mfuko wa baiti usio na ufunguo. Disk Copy 4.2 huweka kila kitu kwenye tawi la data: kichwa cha faili, yaani maelezo ya mwanzo ya baiti 84, sekta zote kwa mpangilio, na mwishoni vitambulisho vya sekta, baiti 12 kwa kila sekta. Ndani ya kile kichwa mna cheksamu, yaani hesabu ya kuhakiki data, hivyo nakala ikiharibika njiani utajua. Kwa kuokoa vitu, muundo mnyofu ndio mwema.

Imeji ya disketi ya 800 haitoshei kwenye disketi nyingine ya 800, kwa zile baiti za ziada. Inatoshea kwenye ya 1.44, na hii ndiyo njia ya mtu asiye na kifaa kingine: hifadhi imeji kwenye disketi ya 1.44 ndani ya Classic, kisha uisome hiyo ya 1.44 kwa draivu ya USB kwenye laptopu. Inachosha, disketi moja kwa moja, lakini inafanya kazi. Mimi nilitumia BlueSCSI, ambayo nitaieleza chini, nikawa nahifadhi imeji kumi kwa mkupuo kwenye kadi ya memori.

Faili iliyo mbele yako ni ya aina gani?

Ukubwa husema mengi kuliko jina. Baiti 409,600 ni disketi ya 400 bila kichwa. 819,200 ni ya 800. 1,474,560 ni ya 1.44. Ukiona 838,484, hiyo ni disketi ya 800 ndani ya muundo wa Disk Copy 4.2, pamoja na kichwa na vitambulisho. Ya 400 kwa muundo huo ni 419,284. Kama una shaka, tazama baiti mbili kwa xxd, programu inayoonyesha baiti za faili:

xxd -s 82 -l 2 D07.image

Ikikupa 0100, pana kichwa cha Disk Copy 4.2. Kwa imeji isiyo na kichwa, tazama baiti ya 1024:

xxd -s 1024 -l 2 D07.img

4244 ni mfumo wa faili wa HFS, uliokuja mwaka 1985. d2d7 ni MFS, mfumo wa kwanza wa 1984, na utaukuta kwenye disketi za 400. Ukipata sufuri tupu, usiseme disketi imekufa. Huenda haikuwa ya Macintosh. Mbili za ami zilikuwa za kompyuta ya mteja wake.

Kuondoa kichwa ni mstari mmoja:

tail -c +85 D07.image | head -c 819200 > D07.dsk

Kabla ya kuendelea, fanya mambo mawili ambayo siku yatakapokusaidia hutayasahau. Andika sha256sum *.img > orodha.txt ili uwe na alama ya kila imeji, kisha chmod 444 *.img ili zisiandikike. Weka nakala mahali pawili, na pamoja na kila imeji weka picha ya lebo yake. Lebo ni sehemu ya disketi.

Kuingia ndani

MacOS za leo hazikusaidii. Toka toleo la Catalina la 2019, Apple iliondoa kabisa HFS ya zamani. Kwenye Linux tumia hfsutils, iliyoandikwa na Robert Leslie. Hmount hufungua imeji, hls -l huorodhesha faili pamoja na zile alama za herufi nne na ukubwa wa kila tawi, hcopy hutoa, humount hufunga. Jambo moja tu la kushika: unapotoa faili andika hcopy -m, yaani itoke ikiwa MacBinary, muundo unaofunga matawi mawili na alama ndani ya faili moja. Tumia -r pale tu unapotaka tawi la data peke yake, kama unapotoa imeji za Disk Copy 4.2. Programu hizi hazisomi MFS.

Nilipoorodhesha disketi za ami mara ya kwanza nilishangaa kuona faili 14 za tarehe 1 Januari 1904. Saa ya Macintosh huanza kuhesabu hapo. Betri yake ilikuwa imekwisha naye akaendelea kufanya kazi. Sikuzibadilisha.

Kuona hati yenyewe kama alivyoiona aliyeiandika, unahitaji Mini vMac ya Paul C. Pratt. Ni emuleta inayoiga Macintosh Plus. Inataka ROM ya mashine, faili ya baiti 131,072 iitwayo vMac.ROM, na kwa kuwa ninayo Plus niliitoa kwenye mashine yangu mwenyewe kwa programu ya CopyRoms. Ukiisha kuiwasha kwa System 6, unaburuta imeji juu ya dirisha lake na disketi inatokea kwenye eneo-kazi kana kwamba umeitia draivuni. Kwa sababu ya ile chmod 444, itatokea ikiwa imefungwa. Iache hivyo.

Niliifungua kadi ya harusi ya dada. Maneno yalikuwepo, jina la bwana harusi, ukumbi, saa ya karamu ya wanawake. Lakini herufi zilikuwa za kawaida, mistari imekatika mahali pabaya, na pambo la juu halipo. Nilidhani imeji ina kasoro. Nikaisoma disketi upya mara mbili, cheksamu ileile. Usiku nikakumbuka kwamba kwenye System 6 fonti hazikai kwenye folda. Hutiwa ndani ya faili ya System yenyewe kwa programu ya Font/DA Mover. Fonti za ami zilikuwa ndani ya System yake. Disketi namba 3, lebo yake imeandikwa tu "Ya kuwashia", ambayo nilikuwa nimeiweka mwisho wa foleni kwa kudhani ni programu tupu. Nikainakili, nikaiwasha Mini vMac kwa hiyo, nikaitia kadi. Herufi zenye mikia zikarudi, na lile pambo la juu kumbe lilikuwa fonti: maua saba, kila ua ni herufi moja iliyoandikwa mfululizo.

Basi disketi za kuwashia zinakili mwanzo. Usizipuuze kwa kuwa System unaweza kuipata kwingine. Ile ya kwingine haina fonti zenu.

Kurudisha kwenye mashine

Shangazi hakutaka kuona kadi kwenye laptopu. Alitaka kuiona kwenye kile kisanduku alichomzoea nacho mumewe. Hapo ndipo BlueSCSI ilipoingia, kibao kinachojifanya diski kuu ya SCSI, ule mlango ambao Macintosh hizi huunganishiwa diski, na kusoma imeji kutoka kadi ya memori. Faili inaitwa HD10_512.hda: tarakimu ya kwanza ni namba ya SCSI, ya pili acha sufuri, na 512 ni ukubwa wa sekta. Usitumie 7, ni ya Macintosh yenyewe. Kwa Plus nunua chenye plagi ya pini 25, na ukipe umeme kwa kebo ya USB, maana mlango wa SCSI wa Plus hautoi umeme wa kukilisha.

Nilipoteza wikendi nzima hapa, kwa hiyo soma taratibu. Imeji ya diski uliyoitengenezea Mini vMac ni mfumo wa faili mtupu, kama disketi kubwa. Ukiipa jina la HD10 na kuitia kwenye BlueSCSI, Plus haitaiona kabisa, wala haitakuambia kwa nini. Mashine halisi inataka diski yenye ramani ya sehemu na programu ndogo ya kuiendesha ndani yake. Angalia baiti mbili za mwanzo kwa xxd -l 2. Diski ya SCSI iliyo sawa huanza na 4552, yaani herufi ER, na kwenye baiti ya 512 kuna 504d, yaani PM. Kama hazipo, tengeneza faili tupu:

dd if=/dev/zero of=HD10_512.hda bs=1M count=200

Kisha uifomati ukiwa ndani ya Macintosh kwa programu ya kufomati SCSI kama Lido. Usizidishe gigabaiti 2, mifumo ya kabla ya System 7.5 haivuki hapo. Ikishafomatiwa, hmount ya kwenye laptopu huielewa na ramani yake, hivyo unaweza kutoa kadi ya memori, ukatia au kutoa faili, ukairudisha.

Tuliwasha Plus kwenye meza ya kulia chakula, adhuhuri, madirisha yamefungwa ili mwanga usipige skrini. Shangazi alivaa miwani, akaisoma kadi neno kwa neno hadi chini, akaniambia nisizime. Kisha akauliza kama yale maua yanaweza kuchapwa tena, kwa ajili ya mjukuu anayeolewa mfungo mosi.

Zile nne zilizobaki nimezitia kwenye mtungi wa plastiki wenye kifuniko cha kukaza pamoja na vifuko vya silika. Rekodi zake ghafi zipo. Mbili kati yake X zote ziko upande mmoja tu, na hilo linanipa tumaini kwamba tatizo ni kichwa cha draivu yangu. Nimepata draivu nyingine kwa fundi wa Mwembe Tayari, na nitazijaribu tena mwezi wa Januari, kaskazi ikishakausha hewa.